Huenda-Namba

Jumatatu, 3 Machi
Lugha hii mpya ya programu imenivua nguo! Miaka yote naandika programu, leo kompyuta inanikatalia kama mwanagenzi. Bosi wetu — tunamwita Fundi Saa, hana haraka wala hapokei kazi ya lipualipua — kanipa programu ya wodi ya watoto. Uzito wa mtoto unaingia, dozi ya dawa inatoka. Basi! Lakini kosa ni lilelile: “Nilitarajia Namba, nimepewa Huenda-Namba.” Huenda? Uzito una huenda gani?

Jumanne, 4 Machi
Narekebisha huku, kosa linahamia kule. Maji shingoni. Fundi Saa hakugusa hata kibodi — eti lugha hii haigombi, inauliza, nami nijibu swali lake. Falsafa! Programu inatakiwa wodini kesho. Nikishindwa atapewa jirani yangu wa meza, na huyo keshaanza kuniita “mwanafunzi”. Namchukia leo.

Jumatano, 5 Machi
Imekubali!! Kumbe “huenda” maana yake uzito unaweza kuachwa bila kujazwa. Mstari mmoja tu: uzito ukikosekana, weka kilo kumi. Mtoto wa wastani. Makosa yote kimya, na jirani kimya. Fundi Saa alikuwa mkutanoni, nikaituma bila yeye kuipitia.

Alhamisi, 6 Machi
Naandika kwenye benchi la wodi.

Asubuhi dada yangu, muuguzi hapa, alinitumia ujumbe wa sauti. Kunisifu! Mizani ya vichanga imeharibika tangu jana, programu ya zamani ingegoma, yangu inatoa dozi hata kisanduku cha uzito kikiwa wazi. Kimya kingi kina mshindo. Kichanga ana kilo tatu, labda nne — mimi nimempa kumi.

Nilipiga simu, hakupokea. Nikakimbia. Nilipomweleza, dada hakunigombeza, ingekuwa afadhali. Alifunga kompyuta, akapekua mafaili. Watoto wawili dawa zao zilikuwa bado. Mmoja keshapewa.

Daktari yuko naye ndani. Fundi Saa amefika, kauliza jambo moja tu: nani aliipitia? Nimemwambia hakuna.

Mama yake yule mtoto kakaa hapa kando yangu. Hajaambiwa bado, anadhani ni ukaguzi wa kawaida. Kaniona nalia, kanipa kitambaa chake. Ananiambia, “Pole, mwenzangu. Wa kwako anaumwa nini?”

Dada yuko mlangoni, anatutazama. Daktari bado hajatoka.