Nilipopanga Ghala Bila Kumwuliza Mtunza Ghala

Mjukuu wangu Beatrisi,

Pokea salamu zetu za Likasi. Bibi yako hajambo, na mdogo wako amepata kipaimara.

Umeniuliza ufanyeje maprofesa watakapouchambua utafiti wako wa usimamizi kwa kompyuta mbele ya wenzako. Nami niliwahi kuchambuliwa.

Nilipokuwa kijana, kampuni ya migodi ilileta mashine ya kusoma kadi. Niliagizwa kupanga vipuri vyote vya ghala kwa namba. Mpango ukikubaliwa, ningekuwa mkuu wa ofisi ya mashine. Niliueleza mbele ya wahandisi kwa Kifaransa safi, nao wakaridhika. Ndipo Tata Ilunga, mtunza ghala, aliyekuwa akiutazama mchoro wangu wa rafu ukutani, akanyoosha mkono.

“Mutoto, mikanda ya pompe ya maji umeiweka ku nyuma kabisa. Miye naiwekaka ku mulango, juu pompe ikikufa, maji inajaa ku mugodi na batu iko chini. Uliniuliza siku gani?”

“Jibu, Monsieur Kadi!” mhandisi mmoja akadakia, na wote wakacheka.

Nilikuwa na jibu la kumnyamazisha mzee yule, tena kwa Kifaransa asichokijua. Nikalimeza.

“Sikukuuliza, Tata.”

Mpango ulirudishwa. Nilishinda ghalani miezi miwili, yeye akieleza, mimi nikiandika, na kadi zikapangwa upya. Cheo alipewa mwingine. Kiliniuma, sikufichi.

Swali likikuchoma, Beatrisi, liandike kwanza, ndipo utoe jibu.

Mungu akutangulie.

Mimi babu yako, Kambo wako