Baba, Maji Yako Hayachemshwi

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo. Ungeniangalia kwa lile jicho lako la pembeni mpaka nirudi mlangoni nianze upya.

Mama ametoka sasa hivi. Amevaa baibui lake zuri, amebeba chupa ya marashi, anakuja makaburini kwako. Shehe wa mtaani hapendi wanawake waende huko, na mama anajua, lakini ameenda hivyo hivyo. Kuna jambo anataka kukuuliza. Nimeona nikuandikie kabla hajafika, kwa sababu jambo lenyewe nimelileta mimi, na sipendi ulisikie kwa mtu mwingine, hata kama mtu huyo ni mama.

Ni hivi: maji yako yanaumiza watoto.

Samahani. Sentensi hiyo nimeiandika, nikaikata, nikaiandika tena. Sijui namna nyingine ya kuisema. Ngoja nianzie mbali kidogo.

Ulipoondoka, mama alikuwa halali. Anakaa barazani na kanga begani, macho kwenye benchi lako la useremala, ukimsemesha anajibu wakati wewe umeshasahau ulichouliza. Kaka Hamisi ndiye aliyetoa wazo la kisima. Alisema baba kakulia Newala, kateremka mabonde utoto wake wote kutafuta maji, na mpaka anazeekea hapa Mbagala alikuwa hawezi kumwona mtu anamwaga maji ovyo bila kugomba. Sadaka gani nyingine ingekufaa? Tukachimba. Sadaka ya maji haikatiki, ndivyo tulivyofundishwa: kila anayekunywa, na wewe uliye kaburini unaandikiwa.

Mama alitaka kisima kiwe pembeni ya geti, palipokuwa na benchi lako, ili mtu achote bila kubisha hodi. Fundi wa visima aliuangalia ukuta, akauliza upande wa pili kuna nini. Vyoo vya wapangaji wa jirani, mama akamjibu, na ukuta si upo? Fundi akakuna kichwa. Lakini nani wa kubishana na mjane juu ya mahali pa kumwekea mumewe sadaka? Akashusha mitambo yake, sisi tukasoma dua.

Tangi tumeliandika kwa rangi ya kijani: "Sadaka ya Mzee Issa. Chota, umwombee." Na watu wanachota, baba. Asubuhi foleni ya ndoo na madumu inafika mpaka kwa muuza chipsi. Mama anakaa kwenye kigoda karibu na koki. Mtu akijaza ndoo yake anasema, "Mungu amrehemu mzee," na mama anaitikia, "Amina." Amina hizo ndizo zilizomrudishia usingizi. Amenenepa kidogo. Juzi juzi nilimsikia anacheka na muuza chipsi, cheko lile lake la kujipiga paja, nikasimama jikoni nikalia kwa furaha.

Sasa habari ya kazi yangu. Unakumbuka ulivyokuwa ukinitambulisha kwa wenzako wa bao? "Huyu ndiye Mwanahawa, binti yangu. Kasoma mpaka chuo kikuu, anahesabu watu wanaoharisha." Wanacheka mpaka kete zinadondoka. "Na analipwa?" "Analipwa! Tena mwisho wa mwezi!" Mimi nanuna. Nakueleza kwamba bila hesabu hizo hakuna anayejua ugonjwa umeanzia wapi na dawa ipelekwe wapi, na wewe unatikisa kichwa kwa heshima ya uongo. Leo ningetoa chochote unitanie hivyo tena.

Basi bado nawahesabu. Ofisi yetu imefanya utafiti wa visima vya majumbani na kuhara kwa watoto wadogo, huku Temeke na maeneo ya jirani. Visima viliteuliwa kwa bahati nasibu. Wadadisi wakapita nyumba kwa nyumba na mjumbe wa mtaa, wakauliza: mnachota wapi, mnalipa kiasi gani, mtoto ameharisha hivi karibuni? Mimi kazi yangu ni kukaa na kompyuta na kuyachambua majibu. Majina siyaoni, naona namba tu. Kila aliyehojiwa ameahidiwa kwamba alichosema hakitajulikana ni chake, na ahadi hiyo na mimi nimeisainia.

Kisima kimoja kilikaa peke yake kwenye grafu, mbali na vingine. Watoto wa wanaochota hapo walikuwa wanahara kuliko wa visima vingine vyote vya jirani. Nikadhani mdadisi amekosea kujaza. Nikafungua majibu yake nikasoma moja moja. Mbagala. Kisima kipya. Choo kipo karibu. Bei ya ndoo: bure.

Mtaani kwetu wenye visima wote wanauza maji, baba. Wote isipokuwa mmoja.

Baadaye nilimpelekea Dokta Neema, mkuu wangu wa kazi, nikamwonyesha namba bila kusema ninachokijua. Ni mtu makini, hakurupuki. Alisema kisima hicho kinatuharibia picha. Alisema wanaokwenda kwenye maji ya bure ni wale wasio na uwezo, na watoto wa wasio na uwezo wanaugua zaidi kwa mengi, hata ungewapa maji gani: chakula, msongamano, choo cha kuchangia nyumba nzima. Kwa hiyo tusikisingizie kisima, huenda ni umaskini. Tukiweke pembeni kwanza. Na hoja hiyo si ya kijinga, ndiyo ya kwanza tunayofundishwa. Nikaikumbatia. Nilirudi nyumbani nikala ugali na dagaa kwa hamu, nikaitikia amina zote pamoja na mama.

Lakini hoja ikikupendeza sana, mchambuzi lazima uiogope. Ofisini tuna vichupa vyenye dawa: unatia maji, unafunga, unaweka mahali pa joto. Yakigeuka meusi, yana uchafu wa chooni. Nikajaza kimoja kwenye koki yetu. Vingine nikajaza kwa maji ya majirani wanaouza, nimenunua kama mteja mwingine yeyote. Nikavipanga nyuma ya cherehani ya mama, nikavifunika kanga.

Vyote viligeuka vyeusi. Vya kununua, vya bure, vyote. Weusi ule ule.

Hapo nikachanganyikiwa zaidi. Kama maji yetu hayana ubaya kuliko ya wenzetu, kwa nini waugue wetu? Jibu sikulipata kwenye kompyuta, nililipata kwa Mama Zuhura, yule jirani wa nyuma uliyemtengenezea kitanda cha futi sita akakilipa kwa maandazi. Mjukuu wake Nasri alikuwa ametoka hospitali alikolazwa na kutundikiwa dripu, amekonda, shingo nyembamba. Nilikwenda kumpa pole. Nikaona ndoo mbili pale ndani. Moja ina maji yaliyochemshwa, bado ya vuguvugu. Nyingine imefunikwa kitambaa cheupe, safi, kimepigwa pasi. Akachota kwenye hiyo ya kitambaa, akampa mtoto.

Nikamuuliza mbona hayo hayakuchemshwa. Akaniangalia kana kwamba nimetukana. "Hayo ya baba yako, mwanangu. Yamesomewa dua. Ya kununua ndiyo nachemsha, siyajui yanakotoka. Ya Mzee Issa utayachemshaje? Utaunguza baraka!"

Na ndivyo wanavyofanya wote, baba. Nimeuliza huku na huku kwa mazungumzo tu. Mtoto akiugua ndiyo kwanza wanakuja na dumu, wanamnywesha ya kwako mabichi, apone kwa dua. Si uchafu wa kisima unaotutofautisha na jirani. Ni heshima. Watu walikupenda mno, na mapenzi hayo yanapita kooni kwa watoto wao. Hakuna swali kwenye dodoso letu linalouliza mnampenda kiasi gani aliyechimbiwa kisima.

Nilimwambia Mama Zuhura achemshe. Nilimbembeleza. Alicheka, akanipiga kofi dogo la begani: "Nyie mliosoma, kila kitu wadudu!"

Tangu siku hiyo nimefungiwa kila upande. Nikitangaza kwamba visima vya mtaa mzima ni vibaya, nitakuwa nimevunja ahadi niliyowapa watu walioniamini, na wauzaji watatafuta ni mteja gani aliyewaambia wadadisi. Ripoti ina njia yake, inapita mikono mingi kabla ya kurudi mtaani, na Nasri hasubiri ripoti. Nikisema cha kwetu peke yake, namnyang'anya mama kitu kimoja kilichomrudisha duniani. Nikinyamaza, kila asubuhi napita katikati ya foleni na mkoba wangu, shikamoo huku, marahaba kule, "Mwanahawa, Mungu amrehemu baba yako," na mimi naitikia huku najua kilichomo ndani ya ndoo. Nikawa naamka mapema nitokee mlango wa nyuma. Nyumba yetu wenyewe, natoka kama mwizi. Hasira zilinishika, baba. Nilikukasirikia hata wewe kwa kufa.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatano alasiri mama alikuwa anachambua mchele. Nikakaa mkekani, nikaleta vichupa, nikamweleza yote polepole kama ninavyowaeleza wadadisi wapya. Hakunikatiza. Alikishika kichupa cha kwetu, akakigeuza geuza kwenye mwanga. Kisha akauliza swali ambalo sijalala nalo vizuri mpaka leo.

"Tunasema akinywa mtu, baba yako anaandikiwa. Basi mtoto akiyanywa akaugua, baba yako anaandikiwa nini?"

Nilimwambia mambo ni nia, mama, na nia yetu ilikuwa njema. Akanijibu bila kupandisha sauti: "Nia ilikuwa njema tulipokuwa hatujui. Sasa umejua. Na mimi umeshanijulisha."

Akaendelea kuchambua mchele. Magharibi ilipoingia akasema tu, "Ijumaa nakwenda kumuuliza mwenyewe. Mpaka nirudi, mtu asiifunge koki, watu wachote kama kawaida." Alhamisi yote alikaa kwenye kigoda chake kama kawaida. Watu wakasema Mungu amrehemu mzee. Hakuitikia hata mmoja. Akawa anatazama ndoo zinavyoondoka, na nilimwona amezeeka kwa siku ile moja kuliko kwa msiba wenyewe.

Na leo ni Ijumaa, nipo peke yangu, yeye yupo njiani kuja kwako.

Baba, wewe hutamjibu. Hiyo najua. Atakaa hapo, atamwaga marashi, atarudi na ukimya wako, na ukimya ule ataufasiri kwa namna yoyote itakayomwezesha kulala. Na mimi nitakuwa bado nasubiri. Hivi ninavyoandika nasikia ndoo zinasukumwa nje, na sauti ya Mama Zuhura ipo miongoni mwao. Amekuja kumchotea Nasri.

Hesabu nimeshaifanya, na haina huruma. Tukifunga, watarudi kwa wauzaji, na maji ya kununua wanayachemsha. Hilo tu linatosha kupunguza dripu. Lakini Mama Zuhura atapunguza mboga ili anunue maji na mkaa, hilo nalo nalijua, na halimo kwenye grafu yoyote. Nimetafuta jibu lisilomuumiza mtu, sijaliona. Kitu kimoja tu ninaweza kukisema bila kuvunja kiapo cha mtu: kisima hiki ni chetu, kichupa nilikijaza mwenyewe, na aibu ni yetu. Naanzia hapo. Vya wengine vitanikaa kooni mpaka ripoti itoke, na nitaisukuma kwa Dokta Neema mpaka anichoke. Nitamweleza pia kisima kile kilichokaa peke yake ni cha nani, aamue kama bado ananihitaji kwenye uchambuzi.

Ninakwenda kufunga koki. Kufuli nimelichukua kwenye sanduku lako la vifaa. Nitasimama pale niwaeleze mmoja mmoja, waseme nimeingiwa na roho mbaya, waseme nina uchoyo wa sadaka ya baba yangu. Mama akirudi atanikuta hapo. Sijui atanifanya nini. Nimemwasi, na sijawahi kumwasi tangu nizaliwe.

Ninakuahidi kisima chako hakitakufa. Tutachimba kingine uani, mbali na ukuta ule, hata kama itabidi tubomoe banda la kuku. Tutaweka dawa. Nitakipima mara kwa mara, na hakitafunguliwa mpaka kichupa kikae cheupe, na wa kwanza kunywa niwe mimi. Na siku hiyo nitawaambia watu wayachemshe hata hivyo, kwamba dua haiungui. Sijui ni lini.

Pumzika, baba yangu. Wanasema kila anayekunywa, kuna kitu kinakufikia huko. Mchana huu kitakatika. Usidhani tumekusahau. Ni mimi nimefunga.

Mwanao,
Mwanahawa