Kanda Iliyoandikwa "Usifute"

Mshauri mpendwa,

Nimeifuta kanda pekee ambayo marehemu mama yangu anaonekana uso, na baba anaamini ni yeye aliyeiharibu. Sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja mpaka tukamaliza shule mwaka huu, na hata sasa ninapoandika nimefunga mlango ingawa nyumbani niko peke yangu. Naomba unishike mkono, maana sijui nifanye lipi.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni harufu ya mafuta yake ya mikono, na hiyo nayo sina hakika kama naikumbuka au nimeitunga. Alikuwa na kamera ya video, zile za kanda ndogo zinazoenea kiganjani, na alipenda kupiga wengine picha kuliko kupigwa, kwa hiyo katika kanda kumi na moja alizoacha, kumi haonekani kabisa, unamsikia tu nyuma ya kamera akisema "sogea kwenye mwanga" au akicheka. Ile ya kumi na moja mama mdogo ndiye aliyeshika kamera. Mama ananifundisha kutembea kwenye korido ya nyumba tuliyokuwa tumepanga zamani. Hayo nimesimuliwa na baba, mimi sijawahi kuyaona.

Baba ni fundi wa majokofu, karakana yake iko nyuma ya nyumba, na kanda zilikaa huko miaka yote ndani ya boksi la viatu juu ya rafu kwa sababu kuziona kulimuumiza. Nilipomaliza mitihani akaliweka lile boksi mezani akasema, "Wewe ndiye msomi wa nyumba hii. Zihamishie kwenye kompyuta, lakini kwa ubora wa juu kabisa, sitaki mke wangu aonekane kama yuko nyuma ya mvua." Mwisho wa mwezi huu bibi mzaa mama atakuja pamoja na mama mdogo, tukae tuziangalie wote. Macho ya bibi yanafifia, na baba anasema tukichelewa ataishia kusikia tu.

Kwanza nilijaribu kanda moja kwa kurekodi skrini ya televisheni kwa simu, ikatoka na mistari inayopanda na kushuka na mvumo wa feni juu ya kila neno, nikaona hapana, baba alisema ubora wa juu. Nikaenda duka la kompyuta. Fundi wa pale akanipa waya wenye vichwa vitatu, cha njano, cheupe na chekundu, na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, akanielekeza huku akihudumia watu wengine. "Ukishaunganisha, weka kanda, bonyeza rekodi, subiri. Kanda ya saa moja itachukua saa moja, haina njia ya mkato." Nilitaka kuuliza rekodi ipi, kwa sababu kamera nayo ina kitufe chake chekundu, lakini nyuma yangu kulikuwa na foleni na mama mmoja alishaanza kushusha pumzi kwa nguvu, basi nikasema ahsante nikaondoka. Ndivyo nilivyo. Hata darasani nilikuwa radhi nikose alama kuliko kunyoosha mkono.

Nilianza na ile ya korido kwa sababu ndiyo tuliyoitamani zaidi. Juu yake mama aliandika kwa kalamu ya bluu, "Korido. Usifute." Nikabonyeza rekodi kwenye kompyuta, kisha nikabonyeza na ya kwenye kamera, nikidhani lazima vyote viwili virekodi ndipo vielewane. Kamera ikakataa, ikawa inamulikamulika alama ya kanda. Nikadhani ni hitilafu. Nikaitoa kanda, nikaona ukingoni kipande cha plastiki kidogo kama ukucha, kinateleza, nikakisukuma upande wa pili, nikairudisha, kamera ikakubali, na nakuambia kweli nilijisifu moyoni kwamba mimi ni mtoto wa fundi. Skrini ilikuwa nyeusi lakini nikasema mwanzo wa kanda huwa mtupu, nikatoka kwenda kuanika nguo. Niliporudi kamera ilikuwa inaonyesha dakika ishirini na mbili na skrini bado nyeusi. Nikasimamisha, nikairudisha nyuma kanda, nikaicheza. Nyeusi na kimya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kile kipande ni cha kuzuia kanda isifutwe, mama alikifunga yeye mwenyewe, na mimi nimekifungua.

Niliitoa nikaificha kwenye droo chini ya madaftari yangu, sijaigusa tena.

Jioni baba akauliza, "Korido vipi, inaonekana vizuri?" Nikamwambia imeingia unyevu. Neno lilitoka lenyewe, labda kwa sababu paa la karakana linavuja na kila mtu analijua hilo. Baba hakunigombeza. Alikaa kwenye ukingo wa kiti akasema, "Ni mimi. Mama yako alinikataza mara ngapi kuweka vitu vyake karakana." Kisha akampigia simu bibi mbele yangu, nikamsikia akisema, "Mama, nisamehe, nimekuharibia mwanao." Sijui bibi alijibu nini, lakini baba aliendelea kushika simu sikioni hata baada ya kukatika.

Jumamosi mama mdogo akapita. Huwa wanataniana sana, lakini siku hiyo haukuwa utani.

"Shemeji, friji za watu unazifunika turubai, kanda za dada yangu unaziacha zinyeshewe."

"Nimekosa, shemeji."

"Umekosa. Na bibi asafiri njia yote hiyo aje aangalie nini, paa lako?"

Akasema yeye mwisho wa mwezi haji. Baba aliinamisha kichwa akaendelea kufuta kanda nyingine kwa kitambaa, moja moja, na zilikuwa kavu zote. Mimi nilikuwa nimekaa palepale, na sahani ya matunda mapajani.

Mshauri, nikisema, baba hataniamini tena na kitu chochote cha mama. Nikinyamaza, namwona anavyokula nusu sahani na kuisogeza. Je, hakuna mtaalamu anayeweza kurudisha kilichofutwa? Jina langu usiliweke, tafadhali. Baba hununua gazeti hili, ingawa huwa anaishia kurasa za michezo.

Mimi, binti mwenye haya.

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Nianze na lililo chungu ili tulimalize. Kanda ikirekodiwa juu yake, kilichokuwepo hakirudi. Nimewauliza mafundi wawili kabla ya kukujibu, na wote wameniambia hivyo hivyo. Atakayekuahidi vingine anataka kula pesa kwa machozi yako. Pole. Lia, unayo haki ya kulia, umempoteza mama yako mara ya pili na safari hii ulikuwa na umri wa kuelewa.

Sasa nisikilize. Kubonyeza kitufe ni ajali. Ulitaka kufanya kazi safi, ukaona haya kuuliza, ikakutokea. Lakini kumwacha baba yako aombe radhi kwa mama mkwe wake kwa kosa lako si ajali. Hilo unalifanya upya kila asubuhi anapoamka na wewe umenyamaza. Unasema unaogopa hatakuamini. Mtu huyu amekuamini mpaka amejihukumu mwenyewe kwa neno lako moja, bila hata kuomba aione hiyo kanda. Unyevu ungekuwa wa kweli, fundi kama yeye angetaka kuushika kwa kidole. Hakutaka, kwa sababu ni wewe uliyesema.

Mwambie leo. Mfuate karakana, usingoje aingie ndani, aoge na ale, maana utapata visingizio vitatu vya kuahirisha. Ichukue kanda mkononi, na kama maneno yatagoma, sema haya tu: "Baba, haikuingia unyevu. Niliifuta mimi kwa bahati mbaya, nikaogopa, nikakudanganya." Kisha nyamaza. Akifoka, mwache afoke. Akinyamaza, kaa naye. Baada ya hapo bibi na mama mdogo utawapigia wewe, si yeye, na mbele yake, kama alivyopiga yeye mbele yako. Mama mdogo ana ulimi mkali, utakuchoma. Vumilia, kwa sababu huo moto ulikuwa wako tangu mwanzo na baba yako ndiye aliyekuwa akiungua nao.

Jambo la pili. Umeniandikia kwamba ulisimamisha kwenye dakika ya ishirini na mbili. Kanda hizo kwa kawaida ni za saa moja. Hujaniambia dakika zilizobaki zina nini, na nadhani hujui, kwa sababu uliifungia kwenye droo. Sikuahidi kitu. Huenda mama mdogo alizima kamera mapema na hakuna lolote. Lakini mtu asiyethubutu kuangalia hawezi kusema amepoteza kila kitu. Angalieni pamoja, wewe na baba yako, na kabla hamjaiingiza kwenye kamera rudisha kile kipande cha plastiki alipokiacha mama yako.

Na kanda kumi nyingine zifunge hivyo hivyo leo, zote. Kitufe chekundu cha kamera usikiguse tena; kamera inacheza tu, kompyuta ndiyo inayorekodi. Chagua faili kubwa kuliko zote ambazo programu inakupa, hata kama diski italalamika kuwa inajaa, na usikate popote, wala mwanzo mtupu, wala mahali mama yako anapocheka. Weka nakala mbili katika nyumba mbili. Kanda zenyewe msizitupe. Kama kuna usichokielewa, kiandike kwenye karatasi, rudi kwa yule fundi umsomee swali moja baada ya jingine, na huyo mama wa foleni ashushe pumzi mpaka achoke.

Siku bibi atakapofika, mketishe karibu na spika. Atamsikia mwanawe akiwaambia watu wasogee kwenye mwanga, mara nyingi kuliko mlivyodhani.

Ninyi wasomaji wengine, jina sikuliweka, lakini mafundi wa majokofu si wengi na wapo kati yenu mliokwishaanza kukisia. Mkimwona baba huyo, mpelekeeni kazi na mmsalimie. Hili msimdokeze hata kwa utani. Likunjeni pamoja na gazeti, mpaka alisikie kwa binti yake.