Onésime, Docteur wa Hesabu

Mwaka umetimia, Onésime, na koti lako bado liko nyuma ya mlango. Ulituacha Jumapili, tarehe 9 Machi 1997, watu wa misa wakiwa bado njiani kurudi nyumbani.

Miaka kumi na nane ulifanya hesabu za moyo. Ulitafuta namna ya kuandika kwa namba jinsi moyo unavyopiga, na jinsi unavyoanza kukosea kabla ya kusimama, ili waganga wa hospitali waione hatari mapema. Mezani uligonga mapigo yake kwa kijiko, chai ikipoa. Nilikunyang'anya kijiko, ukaendelea kwa kidole. Loo, ulikuwa na kichwa kigumu!

Hapa Laeken, huku ugenini, wote walikuita Docteur, wakidhani unatibu. Maman Rolande wa ghorofa ya chini alikuletea mguu wake uliovimba. Ukamwambia, "Maman, mimi ni docteur wa hesabu." Akajibu, "Bon, basi unihesabie dawa." Ukazihesabu kweli. Ukamwandikia saa za kumeza kwa herufi kubwa, kisha ukapanda naye tram hadi hospitali, ukakaa naye kwenye foleni mpaka mchana. Nilicheka hadi machozi.

Jumapili ile ulishika mkono wako wa kushoto, jasho linakutoka na nje kuna baridi. Ornella akasema, "Maman, tumwite muganga." Ukasema ni uchovu tu. Nami nikamjibu mtoto, "Mwache papa yako, yeye ni docteur, anaujua moyo kutupita sisi." Tukangoja muda wa saa mbili nzima bila kumwita muganga. Mimi, niliyemcheka Maman Rolande! Neno hilo linaniuma, sijui nilitupe wapi.

Ornella hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Tunaokulilia ni mimi mke wako Victorine, watoto wako Ornella na Éliézer, na mdogo wako Hilaire kule Bukavu, ambaye vita vilimzuia kuja kukuzika. Maman Rolande naye ameomba jina lake liwekwe hapa. Ile karatasi ya dawa bado ameibandika ukutani, na hataki mtu aiguse.

Unisamehe, mume wangu. Hakuna siku tutakayokusahau, docteur wetu wa hesabu.