Nukta Saba za Mwambani

Dar es Salaam, 5 Oktoba 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kifua kimepoa. Goti lako je? Naandika kwa mkono kwa sababu simu ya hapo nyumbani inasomwa na mtaa mzima.

Tarehe 17 tunaleta Kiswere mrejesho wa utafiti. Miaka miwili Dokta Leonadi, msimamizi wangu chuoni, amewauliza wanawake jinsi wanavyovua pweza. Sasa anakuja kuwaeleza wanawake jinsi wanavyovua pweza. Ameagiza bango la mita tatu. Nilimwambia siku hiyo ni bamvua, maji yatakupwa sana saa nne asubuhi, wote mtakuwa mwambani. Akanitazama kama vile kuku ameongea. "Ratiba imeshapangwa, Zuwena." Huyu ndiye aliyeandika kurasa arobaini juu ya kupwa na kujaa. Viatu vyake havijawahi kulowa.

Mwanao,
Zuwena

Kiswere, 10 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Goti linauma asubuhi, jioni linasahau. Alhamdulillahi.

Huyo dokta si yule aliyeshika pweza kwa karatasi ya kufutia mikono? Mwache aje awahutubie mbuzi. Bamvua haliachwi kwa soda na biskuti.

Ila nijibu moja. Mashimo ya pweza niliyokuonyesha nimeachiwa na mama yangu, naye kaachiwa na mama yake. Hata Binti, jirani yangu kwa miaka thelathini, hajui ninainama wapi. Nikimwona nyuma yangu nageuza njia. Hayamo kwenye bango?

Mama yako

Dar es Salaam, 14 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia. Sitakuja tena, nimepewa ripoti ya kumalizia. Bango limejaa takwimu tu na rangi za kuumiza macho, hakuna atakayelielewa. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Zuwena

Kiswere, 4 Novemba

Zuwena,

Tuko hai.

Siku ya mkutano tulirudi saa saba, dokta kashaondoka. Walihudhuria mwenyekiti, walimu wawili, na wanunuzi wa pweza kutoka Somanga. Bango waliliacha ukutani, ofisi ya kijiji. Binti akalitazama, akanipiga bega: "We Ziada! Kumbe miaka yote unainama pale!" Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikahesabu nukta nyekundu kwenye ramani ya mwamba. Saba. Wanunuzi walishazipiga picha.

Juzi bamvua limerudi. Wapiga mbizi wao walitutangulia na mitarimbo. Mashimo yote saba yamevunjwa, na pweza haingii nyumba iliyobomolewa.

Nani aliziweka hizo nukta?

Mama yako

Dar es Salaam, 9 Novemba

Mama,

Shikamoo. Kuuliza hali yako sithubutu.

Ni mimi. Dokta Leonadi hawezi kuliona shimo la pweza hata akitumbukia ndani yake. Likizo ile uliponitembeza, simu mfukoni mwangu ilikuwa inaandika kila mahali tuliposimama. Tasnifu yangu ilihitaji ramani, na wenzangu hawakuwa na mama kama wewe. Nilisifiwa. Nilijiambia tasnifu hazisomwi na mtu. Dokta alipoihamishia ramani hiyo kwenye bango niliona, nikanyamaza, nikaendelea kumcheka viatu. Kumdharau kulinitosha, sikuhitaji kujitazama mwenyewe.

Nimemwomba alitoe. Anasema limependwa sana, litapelekwa kwenye maonyesho Lindi mjini, wananchi wafaidi.

Mwisho wa mwezi nakuja. Nitume lolote, mama, nitafanya.

Mwanao,
Zuwena

Kiswere, 15 Novemba

Zuwena,

Marahaba.

Bango halitakwenda Lindi. Nimelikata kwa kisu cha samaki, mwenyekiti ananifuata nyuma: "Bi Ziada, hiyo mali ya chuo!" Nikamwambia chuo kije kunishtaki, ila kisije bamvua, hakitanikuta.

Sasa sikia. Mama yangu alinionyesha mashimo saba nilipovunja ungo, kama nilivyokuonyesha wewe. Mawili ya mwisho alinionyesha siku arobaini baada ya kukuzaa, nilipotoka ndani. Kwa hiyo ni tisa. Hayo mawili nilikuwa nakuwekea mpaka uzae.

Leo asubuhi maji yalikupwa sana. Nimempeleka Warda, binti wa mjomba wako, kwenye hayo mawili. Hana mtoto bado. Nimevunja mila, lakini nimemkagua mifuko kwanza.

Mwisho wa mwezi njoo. Chai ipo na muhogo upo, kitanda chako kimetandikwa. Mwambani hutakwenda.

Mama yako