Mvule wa Abuku

Shemeji yangu Kambale,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungeliona kabla sijafungua mdomo, ungecheka na kusema, "Shemeji, leo unatembea kama mutu mwenye kubeba mulango kwa mugongo." Nimekaa nje ya kibanda chetu cha Adumi, injini imezimwa, masikio bado yanavuma. Unga wa mbao umo kooni, umo viatuni, umo hata kwenye chai. Wafanyakazi wamekwenda kula. Nimewaambia kichwa kinaniuma, na si uongo sana.

Juzi mke wako, dada yangu Letasi, alinitumia sauti kwa simu. Aliongea polepole kama mtu anayechagua mchele. Alisema kuna tajiri huko Butembo ameleta mashine mpya ya kupasua magogo, anakutaka wewe uisimamie, na wewe umekataa mara mbili. Amekupa mpaka Jumapili ufikirie tena. Letasi akasema, "Ndugu yangu, shemeji yako anauza mafuta ya taa kwa chupa mlangoni kwetu. Mtu wa mikono ile! Anasema fundi aliyesikia chuma ndani ya mti halafu akanyamaza hafai kushika roho za wenzake. Ongea naye. Wewe atakusikia."

Mimi utanisikia! Nilisikiliza sauti ile mara nne, nikaweka simu kifudifudi juu ya meza kama vile ilikuwa inanitazama. Ndiyo maana nakuandikia, shemeji. Nataka Jumapili uende ukamwambie yule tajiri kwamba unakuja. Ila siwezi kukuomba hilo bila kukuambia jambo ambalo nimelikalia miaka sita.

Ngoja kwanza nivute pumzi. Nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka ulivyofika hapa? Ulikuja na lori la mbao kutoka Kongo, begi moja, tupa mbili za kunolea zimefungwa ndani ya shati. Mimi nilikuwa nimenunua msumeno huu wa duara kwa mdomo mkubwa na ujuzi mdogo. Mbao zangu zilikuwa nene katikati na nyembamba pembeni, wauzaji wa mbao wa Onduparaka wakinicheka: "Mzee, mbao zako zina mimba!" Ukasimama pale karibu na mkanda, ukatazama gogo moja likipita, ukaziba masikio. Ukanifanyia ishara nizime injini. Mimi nikazima! Mtu simjui, hata jina hajaniambia, na nikazima.

"Musumeno yako inalia," ukasema. "Wewe husikie?"

Ulikaa chini siku nzima na tupa yako, jino moja baada ya jingine, moja umelilaza kidogo kulia, lingine kushoto, ukiimba nyimbo za kanisani kwa Kinande. Ukatoboa tundu dogo kwenye dumu la maji, ukalitundika juu, maji yakawa yanadondoka taratibu juu ya chuma ili kisipate moto kikayumba. Kesho yake tulipasua mkaratusi mgumu ule uliokuwa umenishinda wiki nzima, na ubao wa kwanza ukatoka umenyooka. Niliubeba mwenyewe mpaka barabarani kuwaonyesha watu. Letasi alikuwa ameniletea enyasa, ugali wetu wa mihogo, na maharage siku ile. Alitazama ubao, akakutazama wewe, akasahau kuondoka. Nilijua tangu hapo kwamba chakula changu cha mchana kimepata mwenyewe mwingine.

Tukafanya kazi pamoja, miaka mingi, na Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza. Wewe cha Kongo, mimi cha baba yangu aliyekuwa jeshini. Jioni tulikuwa tunaoga kwa maji ya dumu moja. Tuligombana, ndiyo. Ulikuwa mbishi kweli! Hasa kwa ile sheria yako.

Sheria yako ilikuwa kwamba gogo lolote haliwekwi juu ya reli ya msumeno kabla hujauliza lilipokuwa limesimama. Kwetu hapa West Nile ulishajifunza. Mti wa shuleni una msumari mkubwa wa kengele uliomezwa na ganda. Mti wa nyumbani una misumari ya kufungia mbuzi. Na miti ya mahali vita vilipopita ina risasi ndani, imefungwa na nyama ya mti, hata ukitazama huoni kovu. Kwa hiyo unauliza kwanza, halafu unazunguka gogo na shoka, unaligonga kwa kisogo chake, sikio karibu. Gogo likitoka mahali pabaya, unalimenya ganda lote na kulichokonoa, na siku imekwisha.

"Mutu anajua muti yake," ulikuwa unasema. "Muulize yeye mbele. Shoka itamaliza kusema."

Wateja walinung'unika. Mimi pia nilinung'unika. Lakini hatukuwahi kuvunja hata jino moja.

Sasa nakuja pale pabaya. Nivumilie.

Ule mvule wa Abuku, kule Koboko, niliufuata mimi mwenyewe. Wewe ulibaki unanoa. Mwenye mti alikuwa mama mmoja mjane, alitaka mbao za kuezekea na sisi tubaki na nusu. Tulipokuwa tunafunga gogo kwa mnyororo, yule mama alikuja, ameshika jembe lake, akaniambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Wewe muzee, chunga. Asikari walikaa hapa zamani, siku mingi. Walikuwa wanapiga misumari kwa hii muti, wanatundika bunduki yao. Ile sehemu ya chini haiko mzuri."

Nikamwambia, "Asante mama, nimesikia."

Nilisikia, Kambale. Nilijua. Andika hilo kichwani mwako kabla sijaendelea. Nilijua.

Ilikuwa Jumamosi. Timu yetu ilikuwa inacheza Onduparaka jioni, na nilikuwa nimeahidiana na wenzangu. Nilipiga hesabu njiani kutoka Koboko: nikimwambia Kambale askari walikaa pale, atamenya gogo mpaka jua lizame. Na mpira wangu je? Basi. Ni hilo tu. Ningependa nikuambie kulikuwa na shida kubwa, mtoto mgonjwa, mtu wa serikali ananisukuma. Hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mpira.

Tulilishusha gogo, ukaja unafuta mikono.

"Shemeji, hii muti ilisimama wapi?"

"Katikati ya shamba la mihogo. Iko peke yake, iko safi."

"Uliuliza mwenyewe?"

"Niliuliza."

Ukazunguka na shoka. Ulipofika upande wa chini ukagonga, ukasimama. Ukagonga tena. Ukaniangalia.

"Huku inajibu mubaya."

"Ni maji," nikakuambia. "Mti mbichi huu, shemeji, umekatwa jana. Utazeeka ukigonga."

Ukacheka. Ukasema, "Haya. Kama uliuliza, minakuamini." Ukaweka shoka chini.

Sitaki kuandika kilichofuata na wewe unakijua kuliko mimi. Mlio ule. Jino la msumeno lililoruka. Wewe umepiga magoti, kiganja juu ya uso, na mimi nahangaika kuzima injini. Njia nzima ya kwenda hospitali ulikuwa unaniuliza kama watu wengine wamepona. Jicho lile hawakuweza kuliokoa.

Ungedhani hapo ningesema. Mtu mwenye utu angesema pale pale, kando ya kitanda. Mimi nilingoja upate nafuu. Ulipopata nafuu nikangoja uanze kutembea. Halafu wauzaji wa mbao walikuja kukuona, wakatoka nje, wakaniuliza ilikuwaje, fundi kama yule. Nikafungua mdomo huu. Nikasema, "Siku ile aligonga haraka haraka."

Maneno matano. Yalizunguka Arua yote kwa siku mbili. Mpaka yakakufikia wewe kitandani, na wewe, badala ya kuyakataa, ukayakubali! Ulinishika mkono ukasema, "Ni kweli, shemeji. Nilisikia, nikaacha. Usijisumbue roho." Wewe ndiye uliyenifariji. Nikafyata ulimi. Nikala machungwa uliyoletewa na watu wa kanisa.

Mkaondoka, wewe na Letasi, kurudi kwenu Kongo mwezi uliofuata. Nilimwaga machozi kituoni na watu wakasema tazama mtu anavyompenda shemeji yake. Aibu gani ile.

Tangu hapo sijui niseme nini juu ya hapa. Msumeno unazunguka. Nimeajiri mafundi watatu, wameondoka wawili. Mbao zimerudia mimba zao. Magogo makubwa yamekwisha, tunapasua mikaratusi michanga inayojikunja kabla haijafika barabarani. Kiuno kinauma nikiinama, na nikishika mtaimbo kugeuza gogo, nalazimika kupumzika katikati, mtu mzima natweta. Lakini si kazi inayonichosha, shemeji. Kila gogo linapokuja nauliza lilisimama wapi. Nauliza mara tatu, nne. Wateja wanadhani nimeanza kurukwa na akili. Nikijibiwa, siamini, kwa sababu najua jinsi mtu anavyoweza kujibu.

Halafu ndiyo ikaja ile sauti ya Letasi. Nilidhani umeacha kazi kwa sababu ya jicho. Hata hilo lilitosha kunikosesha usingizi. Kumbe umeacha kwa sababu unaamini ulisikia ukazembea. Kumbe kila mtu akitaja mbao unainamisha kichwa, na kichwa kilichopaswa kuinama kiko huku Adumi kinanywa chai.

Jana nilipanda pikipiki nikaenda Onduparaka, kwa wale wauzaji wa mbao. Walikuwa wamekaa mbele ya maduka yao, wote unaowajua. Nikasimama, nikawaambia. Nilianza na yule mama wa Abuku nikamaliza na mpira. Hakuna aliyenikatiza. Mashine ya kuranda ya jirani ilikuwa inapiga kelele, mtu mmoja akaenda akaizima ili asikie vizuri.

Mzee yule mnene, aliyekuwa anakuita "Kongo", ndiye aliyeuliza.

"Hii kitu umekaa nayo miaka sita?"

"Nimekaa nayo."

"Na mimi nimesema kwa kila mutu yule jamaa ni muzembe. Mimi nimesema kwa mudomo yangu."

"Ulisema kwa sababu yangu, mzee."

"Ondoka hapa," akaniambia. Hakupaza sauti. Nikaondoka. Nilipogeuka kupanda pikipiki aliniita, nikadhani ananisamehe, kumbe alitaka kuniuliza jambo moja: "Yeye anajua?" Nikasema bado. Akatema mate chini.

Basi leo nakuambia. Nimeiacha barua hii wazi, sijaifunga kwa gundi, kwa sababu uongo wenyewe ulitembea wazi. Dereva wa lori la Ariwara anayeileta akitaka kuisoma, asome. Isomwe kanisani kwenu mkitaka. Mpelekee yule tajiri wa Butembo naye aisome, aone fundi wake alikosea wapi. Ulikosea mahali pamoja tu: ulimwamini ndugu wa mkeo.

Sikuombi msamaha katika barua hii. Nikikuomba utanipa upesi, nakujua, kisha utaendelea kuuza mafuta ya taa na kusema yamekwisha. Sitaki yaishe hivyo. Ninachokuomba ni kazi ngumu zaidi. Nenda Butembo. Shika ile mashine. Jicho moja linatosha kuona kama reli imenyooka, na kazi yako kubwa hukuifanya kwa macho kamwe. Waulize wateja maswali yako mpaka wachoke. Ukigonga gogo likajibu vibaya, na mtu mzima mwenzako, hata awe ndugu yako, akakuambia ni maji tu, mfukuze kiwandani.

Mkono umeanza kuuma, nami sina zaidi. Uwe na nguvu, Kambale, na watoto wako wakue.

Letasi, dada yangu, najua ni sauti yako inayosoma, kwa sababu mumeo maandishi yanamchosha. Tulipokuwa wadogo nikikosea ulikuwa unasema ni wewe, unapigwa wewe. Leo usinisaidie. Kama kuna mahali umeruka ukadhani hajagundua, rudi, umsomee.

Mimi,
shemeji yako niliyejua