Kikao cha Dharura Kuhusu Kuzomewa kwa Kipa Wetu na Sisi Wenyewe

"...kwa hivyo ni upepo ndio ulibeba hayo maneno ukayapeleka kwa mtu mwingine," Mwenyekiti alikuwa anasema hivyo tayari wakati Katibu alipata kalamu yenye inaandika. Kumbukumbu zinaanzia hapo. Maombi ya kufungua yalifanyika lakini hayakuandikwa.

CHAMA CHA MASHABIKI WA SEKONDARI YA KIAMURANGI, KANYAKINE

Siku: Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, mchana
Mahali: Nyuma ya hoteli ya Karimi, kando ya ua wa shule

Waliokuja:
Bw. Marete, Mwenyekiti
Bw. Muriuki, Mkuu wa Kelele
Bw. Salesio, mwanachama, mtu wa boda boda
Bi. Gatwiri, Mwakilishi wa Basketi
Runji, Katibu

Aliyekuja bila kuitwa: Bi. Ciakuthii, mama ya kipa Nthiga

Aliyeomba radhi: Joyline, Mweka Hazina, ako soko ya ndizi Nkubu

Hakuja na hakuomba radhi: Ndwiga, mtu wa ngoma. Tangu Jumamosi simu yake imezimwa.

KUMB. NA. 1/6/2025: KILE KILITENDEKA JUMAMOSI

Salesio alisema upepo utolewe kwa kumbukumbu kwa sababu hiyo siku hata majani haikuwa inatingika. Mwenyekiti alisema upepo ubaki. Umebaki.

Kwa wale hawakuwa uwanjani, ilielezwa kwamba tulikuwa tunacheza mpira na timu ya Runyenjes. Desturi ya chama ni kusimama nyuma ya goli ya wageni na kumsumbua kipa wao mpaka asahau jina lake. Kipindi cha kwanza kazi ilifanyika vizuri na tulikuwa mbele, bao moja kwa nunge. Mapumziko wanachama walikuja hapa kwa Karimi kwa chai na miraa, na stori zikawa tamu. Waliporudi mpira ulikuwa umeshaanza. Wakasimama pale pale nyuma ya goli ile ile, kwa sababu hapo ndipo tunasimamanga miaka yote.

Timu zilikuwa zimebadilishana upande. Sisi hatukubadilisha.

Mwenye alikuwa golini sasa ni Nthiga wetu. Jezi yake ilikuwa imejaa matope, akavaa ya kuazima. Mwenyekiti alisema kwamba ukiangalia mtu kutoka nyuma, mgongo ni mgongo.

Salesio aliomba iandikwe kwamba tulishangilia bao mbili. Ya tatu ndiyo yeye aliuliza, "Bana, mbona na wale wa Runyenjes wanaruka?"

Mwenyekiti aliuliza kama hakuna hata mtu mmoja aliona mapema. Katibu alisema yeye aliona, na alisema. Muriuki alisema hakusikia kitu. Katibu alikubali, kwa sababu vuvuzela ya Muriuki ilikuwa karibu na sikio la Muriuki mwenyewe.

Bao ya tatu ikiingia, Nthiga alitoa glavu, akazitundika kwa neti, akatoka uwanjani bila kuangalia mtu. Mpaka leo amekataa kurudi golini. Jumamosi hii tunacheza na timu ya Laare, na tukishindwa mwaka umeisha. Kipa wa pili ni kijana mzuri sana wa kwaya.

Gatwiri aliinua mkono akasema hiyo maneno ya Nthiga iko na jibu kwa ajenda ya basketi. Mwenyekiti alisema basketi ni ajenda ya mwisho, angoje.

KUMB. NA. 2/6/2025: NANI ATAENDA KUSEMA POLE

Muriuki alipendekeza mwalimu mkuu aambiwe kwamba yale yalikuwa mazoezi. Kwamba tulikuwa tunamzoesha Nthiga matusi ya Laare, ndiyo Jumamosi asishtuke. Salesio alimuuliza kama na kushangilia bao ilikuwa mazoezi. Muriuki alisema mazoezi ni mazoezi.

Salesio alipendekeza wale walipiga kelele waende kwa kijana wamwambie samahani. Mwenyekiti alisema hajawahi kusikia hiyo. "Mimi na mvi zangu nisimame mbele ya mtoto wa Fomu Tatu nimwambie nini? Nikunje kofia hivi?" Alionyesha venye angekunja kofia. Salesio alisema hivyo hivyo ingetosha kabisa.

Mwenyekiti alisema Salesio ako na madharau tangu anunue pikipiki.

Gatwiri aliinua mkono. Mwenyekiti alimuuliza kama ni basketi. Gatwiri alisema ni Nthiga na pia ni basketi. Mwenyekiti alisema achague moja. Akaongeza kwamba basketi si mchezo wa kusumbua kikao, kila dakika wanafunga, ni kama kupepeta maharagwe. Gatwiri aliketi. Alitoa kazi yake ya kufuma akaanza kufuma kwa nguvu.

KUMB. NA. 3/6/2025: KUINGIA KWA MAMA NTHIGA

Mama Nthiga aliingia akasalimia kila mtu kwa mkono, akaanza na Mwenyekiti, akakaa kwa kiti ya Ndwiga.

Mwenyekiti alimkaribisha vizuri, kisha akamweleza kwamba kulingana na sheria za chama mtu asiyejiandikisha haongei. Mama Nthiga alisema, "Mzee Marete, Jumamosi nilitajwa kwa matusi ya kipa mbele ya uwanja mzima na hakuna mtu aliniuliza kama nimejiandikisha."

Mwenyekiti alimruhusu kuongea kidogo.

Kwa sababu Mama Nthiga alizaliwa upande wa Embu, kwa hao wa Runyenjes, akaolewa huku, Mwenyekiti alisema kwa utani kwamba pengine hata yeye siku hiyo moyo ulikuwa na Runyenjes. Mama Nthiga alisema, "Mimi nilikuwa nashangilia kipa. Mwenye alishangilia Runyenjes ni wewe. Tena mara mbili."

Utani ulisimama hapo.

Aliulizwa ni nini anataka. Mwenyekiti alimwambia kama ni mbuzi chama kinaweza kufikiria. Mama Nthiga alisema mbuzi ako nazo. Anataka kila mtu aseme yale maneno alisema Jumamosi, hapa, akiwa ameketi, na yeye akimwangalia. "Kijana alikuwa amewapa mgongo. Mimi nimewapa uso. Semeni."

KUMB. NA. 4/6/2025: MANENO YENYEWE

Salesio alianza. Alisema yake ilikuwa: "Wewe si kipa, wewe ni chandarua, unazuia mbu tu!" Mama Nthiga alifikiria, akasema hiyo anaweza kuishi nayo. Salesio alisema, "Samahani, mama. Nilikuwa nafikiri nachekesha." Akaangalia viatu.

Muriuki alisema yeye hakutukana, yeye alipuliza vuvuzela tu. Mama Nthiga alisema mtu hupumzika kupuliza. Muriuki alisema hakumbuki. Salesio alimkumbusha: "Ulisema anasimama kama ndama imezaliwa leo. Na ukaonyesha na miguu." Muriuki alimwita Salesio msaliti. Mama Nthiga alimwomba aonyeshe na miguu. Muriuki hakuonyesha. Alisema pole, lakini aliambia meza.

Mwenyekiti alisema yake ilikuwa ya jumla.

Mama Nthiga alisema, "Sema hiyo ya jumla."

Ng'ambo ya ua mpira ulikuwa unadundwa, du, du, du, na watoto wanapiga nduru. Mwenyekiti alimtuma Katibu akawaambie hao watoto wapunguze kelele, kikao hakisikizani. Katibu alisema anaandika.

Gatwiri aliinua mkono akasema ni kuhusu hiyo kelele. Mwenyekiti alisema basketi baadaye, Gatwiri, wewe ni mtu wa aina gani.

Mama Nthiga alikuwa bado anangoja. Mwenyekiti akasema haraka haraka: "Nilisema, 'Hiyo mikono, hata mama yako anakuficha mayai.'"

Hakuna mtu alicheka. Jumamosi walicheka wote, Muriuki alishika tumbo.

Mama Nthiga alisema, "Mayai kwetu huokotwa na yeye. Kila asubuhi kabla ya shule, tangu akiwa mdogo. Hii wiki ameacha. Nikimwambia ananiambia, mama, okota wewe."

Kisha akaeleza jambo ambalo kikao hakikuwa kinajua. Bao ya pili Nthiga hakushindwa nayo. Alisikia sauti akazijua, sauti ya Salesio mwenye humbeba akichelewa, sauti ya Mwenyekiti mwenye hununua maziwa kwao. Akageuka kuangalia kama ni wao kweli. Mpira uliingia wakati amegeuka.

"Na aliona ni nyinyi," Mama Nthiga alisema. "Mlikuwa mnaruka."

Katibu aliomba dakika aandike.

Iliamuliwa kwamba wale watatu waende kwa Nthiga leo. Salesio alikubali. Muriuki alikubali kama Mwenyekiti anaenda. Mwenyekiti alisema angependa sana, lakini mguu, na pia kuna mtu anakuja kwake kuchukua mbolea. Tena hata huyo Nthiga atapatikana wapi saa hii? Mama Nthiga alisema hajui, siku hizi akitoka anatoka na viatu vya raba na hasemi anaenda wapi.

Mwenyekiti alisema basi hiyo imeisha, na kwa sababu saa zimeenda, ajenda ya basketi iahirishwe.

KUMB. NA. 5/6/2025: BASKETI

Gatwiri alisimama. Alisema basketi imeahirishwa tangu Januari. Muhula wa kwanza wote ulichezwa ukaisha, vijana wakashinda mechi na kushindwa mechi, na hakuna siku ajenda ilifikiwa. Leo haiahirishwi. Mwenyekiti alimwambia aketi. Alisimama.

Alisema Nthiga ako kwa timu ya basketi tangu Jumatatu. Saa hii anacheza, hapo ng'ambo ya ua. Ile kelele Mwenyekiti alitaka ikanyamazishwe ni yeye.

Kila mtu aliangalia ua.

Mwenyekiti alimkemea, kwamba amekaa na hiyo maneno kikao kizima akifuma tu. Gatwiri alisema, "Katibu, soma mahali nimeinua mkono." Katibu alisoma. Ilikuwa mara tatu. Mwenyekiti alisema hizo kumbukumbu ni ndefu sana.

Gatwiri aliendelea. Jumamosi hii basketi imealikwa mashindano Embu. Mechi ya leo ikiisha, mwalimu ataandika majina ya wale wataenda. Nthiga akiandikwa, Jumamosi ako Embu, na kwa goli ya Laare atasimama yule wa kwaya.

Muriuki alisema basi Gatwiri aende amtoe haraka. Gatwiri alisema yeye hakuja kumrudishia mtu kipa. "Mlikuwa na mikono kama hiyo mkaitukana. Mimi nilikuja kuomba watu wa kuja kumpigia makofi. Akitaka kurudi kwenu, ni mdomo wake utasema."

Mama Nthiga aliuliza kitu kimoja tu. "Na huko nyuma yake kunasimamanga watu?"

Gatwiri alisema hapana. Nyuma ni ukuta wa jikoni ya shule.

Mama Nthiga alifunga leso vizuri akatoka. Gatwiri alimfuata. Salesio aliacha chai ikiwa nusu. Muriuki aliinuka na vuvuzela, akafika mlangoni, akarudi akaiweka chini ya meza, akaenda.

KUMB. NA. 6/6/2025: KIKAO KUENDELEA NA WATU WAWILI

Mwenyekiti alisema iandikwe kwamba kikao kinaendelea. Kimeandikwa kinaendelea.

Aliuliza akidi ni watu wangapi. Katibu alisema si wawili.

Alikaa. Kutoka pale alipokaa unaweza kuona uwanja wa basketi kwa tundu ya ua, na kiti yake alikuwa ameisogeza. Nthiga alikamata mpira juu, kwa mkono mmoja, kama mtu anachuma avokado, na upande wote wa wasichana ukapiga nduru. Mwenyekiti alisema, "Ona huyo." Kisha akasema hiyo isiandikwe.

Aliambia Katibu aandike: Mwenyekiti ameomba msamaha. Katibu aliuliza maneno yenyewe ni gani, ndiyo aandike. Mwenyekiti alisema Katibu aweke tu yale ya kawaida. Katibu alisema ya kawaida hayajui.

Mwenyekiti alivua kofia akaikunja, akaikunjua. Akasema hivi, na Katibu aliandika Mwenyekiti akiongea:

"Mwambie, Nthiga, ile ya mayai ilikuwa yangu. Hakuna upepo. Nilikuwa nafikiri ni mtoto wa wengine."

Alisikiza venye imetoka. Akasema hiyo ya mwisho ifutwe, inasikika vibaya. Katibu alisema ni kalamu ya wino. Mwenyekiti alisema basi aongeze kitu mbele yake iwe nzuri. Katibu alingoja na kalamu. Mwenyekiti alirudisha kofia kwa kichwa.

Aliulizwa kama ataenda mwenyewe. Alisema Katibu aende amsomee kijana, yeye atachunga hoteli, Karimi ameenda kuteka maji. Alitia sahihi akiwa ameangalia ile tundu.

Saa za kufunga: hakikufungwa. Hakuna mtu wa kufanya maombi.

Mwenyekiti: Marete

Katibu anaondoka sasa, kwa sababu refa amepiga filimbi ya mapumziko na Nthiga ameketi chini peke yake anakunywa maji. Mapumziko ya basketi ni mafupi na majina yanaandikwa leo. Nitamsomea yote venye iko, kutoka juu.

Runji, Katibu